Alisema Atakuja

Munyaka, fundi wa maji akikuambia "nakuja saa hii," unaingia ndani na kuwaambia wenzako: "Amesema anakuja." Saa nne ikipita hajatokea, bado utasema alisema anakuja. Jioni jerikeni zikiwa tupu utasema vilevile, ila sasa kwa sauti nyingine: "Si alisema anakuja?" Kilichobadilika ni nafsi peke yake. Nakuja ya fundi imekuwa anakuja yako. Wakati haujaguswa. Ile -na- ilitoka mdomoni mwake ikiwa mbichi, ikafika kwako ikiwa mbichi, na hata wiki ijayo ukiisimulia bado itakuwa mbichi.

Kiingereza hakikubali. Kinataka useme he said he was coming. Yule fundi alisema I am coming, lakini ukishayabeba maneno yake lazima uyasogeze nyuma hatua moja. Am inakuwa was. Has come inakuwa had come. Will inakuwa would. Today inakuwa that day, here inakuwa there. Mwalimu wetu wa darasa la saba aliigawa ubao mara mbili, akaandika maneno ya msemaji upande mmoja na ya mpokezi upande wa pili, kisha akayaunganisha kwa mishale. Tuliyakariri kama jedwali la kuzidisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na sidhani kama angeulizwa angekuwa na jibu zaidi ya lile la kila siku: ndivyo Kiingereza kilivyo.

Sawa, ndivyo kilivyo. Shida yangu iko kwingine. Kanuni hii haikubaki kwenye Kiingereza. Ilihama ikaingia kwenye Kiswahili chetu cha shuleni, ikakaa kama mwenye nyumba. Nataka kuifuata safari yake, kwa sababu Eldoret ni mji unaojua bei ya maneno yaliyobebwa vibaya.

Munyaka ni neno la Kigikuyu, maana yake bahati. Mtaa wenyewe uko upande wa barabara ya kwenda Iten, na ukitembea kutoka stejini mpaka nyumbani utasikia Kigikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kijaluo, Kiswahili, na Kiingereza kikitoka kwenye redio ya kinyozi. Katika orodha hiyo, lugha inayotaka wakati urudishwe nyuma kila unapobeba neno la mwenzako ndiyo hiyo ya mwisho, na ndiyo pia lugha iliyokuja na ofisi.

Hata baadhi ya Wazungu waliochukua ardhi hapa hawakuwa na kanuni hiyo nyumbani kwao. Mwaka wa 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda uwanda wa Uasin Gishu na magari ya kukokotwa na ng'ombe, kutoka Afrika Kusini. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeikatakata ardhi kwa namba, na posta ikawekwa kwenye shamba namba 64. Ndiyo maana wazee bado wanauita mji huu Sisibo, yaani sixty-four iliyopita katika ulimi wa Kikalenjin. Jina Eldoret lilikuja rasmi mwaka wa 1912. Sasa, Kaburu akitaka kuripoti kuwa fundi alisema anakuja, husema Hy het gesê hy kom. Neno kwa neno: alisema yeye anakuja. Kama sisi tu. Kwa hiyo kwenye uwanda huu Mnandi aliyenyang'anywa malisho na Kaburu aliyeyachukua walikuwa na la kujifunza pale walipofika kwenye meza ya karani Mwingereza.

Kanuni yenyewe, kwa Waingereza, si ya kijinga. Ina kazi. Mtu akisema he said he was sick, anajitenga kidogo na ugonjwa huo: yeye alisema, mimi naripoti, mambo yalikuwa ya wakati ule. Akisema he said he is sick, anaanza kuusimamia. Ndiyo maana vitabu viliongeza kijikanuni kwamba jambo la kweli siku zote halirudi nyuma: mwalimu alisema jua linachomoza mashariki, hakuna haja ya kulichomoza jana. First Aid in English, kitabu cha mwalimu Mskoti Angus Maciver kilichotoka mwaka wa 1938, kilikuwa bado kinasomwa na watoto wa Kenya miaka mingi baada ya uhuru, na vingine vingi vilikuja na mazoezi ya namna hiyohiyo. Mtoto alijifunza mishale. Lakini ile kazi ya mishale, kwamba ni njia ya kujitenga na neno usilolisimamia, mara nyingi haikuandikwa ubaoni.

* * *

Kuhamia kwa kanuni hii kwenye Kiswahili kulipitia mlango wa mtihani.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mtoto wa Kenya angeweza kumaliza shule ya msingi bila kutahiniwa Kiswahili. Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza lugha hii iwe ya lazima, lakini ilibidi tungoje mfumo wa 8-4-4. Mwaka wa 1985 KCPE ya kwanza ilifanywa, Kiswahili kikiwemo. Ghafla kukahitajika vitabu, walimu, na zaidi ya yote, maswali. Na swali la mtihani hupenda kanuni yenye mishale. Kwa hiyo kwenye kila kitabu cha mazoezi kukawa na mada inayoitwa usemi halisi na usemi wa taarifa, na mishale yake ikawa inafanana mno na ile ya Kiingereza. -Na- inakuwa alikuwa ana-. -Me- inakuwa alikuwa ame-. Leo inakuwa siku hiyo. Hapa inakuwa hapo. Na -ta-, alama yetu ya kesho, inakuwa -nge-.

Kwa hiyo, "'Nitakuja kesho,' Juma alisema" ikawa "Juma alisema kwamba angekuja siku iliyofuata." Ukiandika "Juma alisema atakuja kesho yake," unakatwa alama. Vizazi vizima vya Wakenya, kuanzia 1985 hadi KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, vimepitia mlango huo.

Hebu iseme kwa sauti: Juma alisema angekuja. Kwa sikio la mtu aliyekulia kwenye Kiswahili, sentensi hiyo haijaisha. -Nge- ni alama ya masharti. Inadai mwenzake. Angekuja kama nini? Angekuja lakini nini? Ndani yake tayari kuna mlango uliofungwa nusu. Juma wa kwanza alitoa ahadi, Juma wa pili anatoa udhuru. Tulichofanya ni kuchukua would ya Kiingereza, neno linalofanya kazi mbili (ya kesho-iliyosemwa-jana na ya masharti), tukatafuta neno letu la ile kazi ya pili, tukalilazimisha lifanye na ya kwanza.

Wapo wanaoitetea. Wanasema lugha ya maandishi ina haki ya kuwa na kanuni zake, na kwamba baada ya miaka karibu arobaini ya kufundishwa hivyo, -nge- hiyo ni Kiswahili cha Kenya kama kingine chochote. Hoja hiyo si nyepesi, lugha hujengwa na wanaoitumia. Lakini angalia nani anaitumia. Fungua taarifa ya habari ya saa moja jioni. Mtangazaji, ambaye huenda alipata A ya Kiswahili, anasema: "Waziri amesema serikali itajenga barabara hiyo." Hasemi ingejenga. Akisema ingejenga, nchi nzima ingesikia kwamba barabara haijengwi. Nenda Mombasa, nenda Unguja, panda daladala Dar es Salaam: alisema atakuja. Watu ambao kazi yao kila siku ni kubeba maneno ya watu wengine hawaifuati mishale ile. Inafuatwa kwenye mtihani, na mahali pengine pamoja nitakapopafikia.

* * *

Haina maana kwamba lugha zetu hazijui kujitenga na neno la mtu. Zinajua sana. Zinatumia tu vyombo vingine.

Kiswahili kina eti, na huku kwetu ati. "Ati anakuja." Silabi mbili tu na kila mtu stejini ameelewa: nimesikia, silisimamii, ulizeni wenyewe. Ni kazi ileile ya was ya Kiingereza, na wakati haujasogezwa hata inchi. Kigikuyu kina atĩ, ambayo ni kwamba ya kawaida isiyo na dhihaka yoyote, ndiyo maana mara nyingine mtu wa Munyaka akisema "aliniambia ati mvua inakuja," hujui kama anadharau utabiri au anaripoti tu. Lugha mbili zimekutana kwenye neno moja na kuliachia maana mbili. Kikalenjin kina kole, ambalo mzizi wake ni kusema kwenyewe, na mwanzo wake hubadilika kulingana na nani aliyesema. Yaani katika kiunganishi, neno dogo ambalo Kiingereza hukiita that na kukipita mbio, Mkalenjin tayari ameacha alama ya mwenye maneno.

Halafu kuna nyakati zenyewe. Kinandi kina alama moja kwa jambo lililotokea leo, nyingine kwa la jana, nyingine kwa la zamani. Kigikuyu nacho kina ngazi zake za aina hiyo. Shahidi akisimama na kusema kwa lugha ya mama yake "alisema," kitenzi chenyewe kimeshataja kama ilikuwa asubuhi hii au zamani zile. Kiswahili kikilipokea, kinaweka -li- moja inayomeza yote. Kiingereza kikilipokea kutoka kwa Kiswahili, kinaweka said, kisha kinaanza kusogeza na mengine. Neno limepita mikono miwili na limepoteza kitu kwa kila mmoja, bila mtu yeyote kudanganya.

Wanandi wana mfano mkubwa kuliko hii yote. Orkoiyot Kimnyole arap Turukat, aliyeuawa na watu wake mwenyewe mwaka wa 1890, anakumbukwa kwa unabii wa nyoka mwenye kutema moto na moshi, na wageni weupe watakaoitawala nchi. Mwanawe Koitalel arap Samoei aliongoza vita dhidi ya Waingereza hadi alipouawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Reli ilifika Eldoret mwaka wa 1924. Vitabu vya Kiingereza vinaandika kwamba Kimnyole alitabiri nyoka would come. Would hiyo inafunga hesabu: alisema, ikawa, imepita. Anayesimulia kwa lugha ya hapa anasema "alisema nyoka atakuja," na -ta- hiyo bado iko mbele ya msikilizaji kama ilivyokuwa mbele ya Kimnyole. Mtoto anayesikiliza anaweza kuuliza kama nyoka mwingine yuko njiani. Ndiyo tofauti kati ya unabii unaosomwa na unabii unaosimuliwa.

Na mkutano ule wa 1905? Maneno ya Koitalel siku hiyo, kama aliyasema, tumefikiwa nayo hasa kupitia wasimulizi wa upande uliompiga risasi. Meinertzhagen alichunguzwa mara tatu na kusafishwa, kisha akaondolewa Kenya. Shajara yake ilichapishwa mwaka wa 1957, na wanahistoria wameitilia shaka sana tangu hapo. Hakuna kanuni ya sarufi inayoweza kurudisha kinywa cha aliyeuawa.

* * *

Sasa ile sehemu nyingine ambako -nge- ya mtihani inaishi: kumbukumbu za mikutano. Shuleni tulifundishwa kwamba kumbukumbu huandikwa kwa usemi wa taarifa, na makatibu wa vyama vya mtaani, ambao huchaguliwa kwa sababu walisoma, huandika walivyofundishwa.

Niliwahi kuombwa na chama kimoja cha Munyaka nikae nao wakipitia daftari lao, kwa sababu kulikuwa na mvutano. Miezi minane kabla, mweka hazina alikuwa amechukua shilingi 18,000 za kikundi. Hakuna aliyebisha hilo, hata yeye. Ubishi ulikuwa kwenye mstari mmoja wa kumbukumbu, ulioandikwa kwa hati safi kabisa: mweka hazina alisema kwamba angerudisha pesa hizo mwezi uliofuata.

"Someni hapo," akasema mweka hazina. "Angerudisha. Mimi nilisema ningerudisha kama ile kazi ya Kapsabet ingetoka. Haikutoka. Hiyo ni makosa yangu?"

Katibu, msichana mwerevu aliyemaliza kidato cha nne, akajaribu kueleza kwamba hiyo -nge- si ya kama, ni ya kuripoti tu, ndivyo inavyoandikwa. Watu wakamwangalia. Kwao hapakuwa na -nge- ya aina mbili. Nusu ya chumba ikaanza kuona kwamba pengine kweli kulikuwa na sharti, na sharti halikutimia, na mtu hawezi kudaiwa kwa sharti lisilotimia.

Aliyeamua mambo ni shosho mmoja ambaye hakuvuka darasa la nne. "Baba Kevo," akasema, "mimi nilikuwa nimekaa hapa na wewe umekaa pale. Ulisema nitarudisha. Ungesema ninge, ningekuuliza papo hapo: kama nini?"

Chumba kikanyamaza. Baba Kevo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa, akasema, "Haya, shosho." Alilipa, kwa awamu.

Nimeifikiria sana hoja ya shosho. Hakusema anakumbuka vizuri kuliko daftari. Alisema masikio yake yalikuwa yanafanya kazi siku ile, na -nge- ingewashtua. Ahadi haikumshtua kwa sababu ilikuwa ahadi. Daftari lilikuwa limebadilisha deni kuwa hali ya hewa, kwa sarufi sahihi, kwa nia njema.

* * *

Ukidhani hii ni kasoro ya vyama vya mtaani, angalia wenye kanuni wenyewe walifanya nini mahali ambapo maneno yana uzito.

Bunge la Uingereza lilikuwa na taarifa zake za mijadala, Hansard, tangu mwanzo wa karne ya 19. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo hotuba ziliandikwa kwa usemi wa taarifa, zikitegemea magazeti: mheshimiwa alisema kwamba alikuwa anaona, kwamba serikali ingefaa, na kadhalika. Mwaka wa 1909 Bunge la Makabwela likaichukua kazi hiyo mikononi mwake na kuanza kuandika kwa nafsi ya kwanza, karibu neno kwa neno. Mheshimiwa akisema I will, inaandikwa I will. Wakati huo Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikuwa na umri wa miaka miwili tu; lilikutana mara ya kwanza Agosti 1907. Kwa maneno mengine, kanuni ile ilipokuwa inapakiwa kuletwa kwenye madarasa yetu, Westminster ilikuwa imeshaona kwamba haifai kwa kuhifadhi kauli ya mtu atakayedaiwa kauli yake.

Mahakama nazo vivyo hivyo. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai Kenya inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na mshtakiwa asiyeelewa lazima atafsiriwe. Kaa kwenye benchi la nyuma mahakamani Eldoret umsikilize mkalimani. Shahidi akisema "nilikuwa nimelala," mkalimani hasemi "anasema kwamba alikuwa amelala." Anasema I was asleep. Anajifanya yeye ndiye shahidi. Ukalimani mzuri hauripoti, unasema. Nafsi haibadiliki, wakati hausogei.

Na pale mkalimani asipoaminika, kesi nzima hutetereka. Huko kaskazini yetu, Kapenguria, kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano iliendeshwa kati ya mwishoni mwa 1952 na Aprili 1953. Mkalimani alikuwa Louis Leakey, mtoto wa wamishonari aliyezaliwa Kabete na aliyekijua Kigikuyu kama mwenyeji. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alilalamika kwamba tafsiri zake zilikuwa na upendeleo, na Leakey akaacha kazi hiyo kesi ikiendelea. Shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, alidai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwezi Machi 1950, miezi kadhaa kabla Mau Mau haijapigwa marufuku mwezi Agosti mwaka huo. Mwaka wa 1958 Macharia aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Alifungwa, na si kwa ushahidi wa Kapenguria, ila kwa hati hiyo ya kuukana. Kenyatta alikuwa ameshahukumiwa miaka saba kwa kazi ngumu. Alisema nini, lini, mbele ya nani: maisha ya nchi yalining'inia hapo.

* * *

Lakini kuna upande ambao mishale ya ubaoni ilikuwa na haki, na sisi wa Eldoret tuliulipia kwa gharama kubwa kutoufuata.

Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na televisheni zikawa kama zimefunikwa blanketi. Kilichobaki ni simu, na kwenye simu kulikuwa na meseji. Kesho yake kutwa, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Baada ya hapo hakuna meseji iliyoonekana ya kupuuzwa. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Zilikuwa fupi, meseji zile, na ukiwauliza watu wa mitaa ya Eldoret watakuambia zilifanana pande zote mbili: wanakuja leo usiku. Mgikuyu aliipata kuhusu Wakalenjin, Mkalenjin akaipata kuhusu Wagikuyu. Ukiipata, unaituma mbele kwa mtu unayempenda. Anayeipokea kesho yake anasoma leo usiku, na leo yake ni nyingine. Naye anaituma. Tishio la usiku mmoja, kama lilikuwa la kweli hata huo usiku mmoja, likawa la usiku wa pili, wa tatu, wa nne. Watu wakalala na viatu. Vijana wakakaa barabarani na mawe na mapanga wakiwangoja waliokuwa nao wanawangoja wao. Maelfu wakaishia kwenye mahema uwanja wa maonyesho wa Eldoret.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mwalimu wangu na mishale yake bila kumcheka. Kati ya mishale ile yote, ule wa leo kuwa siku hiyo ndio uliokuwa na hekima. Wakati wa kitenzi unaweza kubaki mbichi, Kiswahili kimeishi hivyo tangu zamani bila taabu. Lakini leo ni mali ya aliyeitamka. Ukiibeba bila kutaja siku, umeifanya leo ya kila atakayeipokea. Hata msimulizi ambaye hakuona darasa anajua hili, husema "kesho yake," "siku ileile," "usiku wa kuamkia Jumanne." Meseji ya kutumwa mbele haina msimulizi. Ni usemi halisi usiokuwa na msemaji: hakuna alisema, hakuna ati, hakuna kole.

Swali la nani alisema nini lilifika hadi The Hague. Kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang ilianza Septemba 2013, wote wakikana mashtaka. Mashahidi kadhaa walipogeuka na kuyakana maelezo yao ya awali, upande wa mashtaka uliomba maelezo hayo yaliyorekodiwa yatumike badala ya yale waliyoyasema kizimbani. Agosti 2015 majaji wa kesi wakakubali. Februari 2016 majaji wa rufaa wakakataa: kanuni iliyotumika ilikuwa imerekebishwa Novemba 2013, kesi ikiwa imeshaanza, na haikuruhusiwa kuisogeza nyuma kwa hasara ya washtakiwa. Tarehe 5 Aprili 2016 kesi ilisitishwa, bila hukumu ya hatia na bila ya kuwatangaza hawana hatia. Waliopoteza watu wao hapa bado wanatofautiana kuhusu maana ya siku hiyo. Ninachojua ni kwamba mahakama yenye pesa, wakalimani na vinasa sauti ilikwama palepale ilipokwama chama ya mtaani: kati ya kilichosemwa na kilichoandikwa kwamba kilisemwa.

Mtaala wa 8-4-4 unaondoka sasa, na wanaoandika vitabu vipya wana nafasi ambayo hatujawahi kuwa nayo. Wanaweza kuyabeba mazoezi yale yalivyo. Au wanaweza kumfundisha mtoto wa Munyaka kitu anachokijua nusu tayari: kwamba ukibeba neno la mtu, badilisha nafsi, taja siku, taja msemaji, na kama hulisimamii sema ati. Ahadi iache ikiwa ahadi.

Katibu wa chama kile ameshaanza. Kwenye daftari jipya amechora safu ya tatu kwa rula, upande wa kulia, na juu yake ameandika: maneno yenyewe. Mstari wa kwanza una tarehe, jina, na neno moja ndani ya alama za kunukuu. "Nitalipa."